Maji ya Chokaa

Saa tano usiku, Dundee. Mvua ya mawe inagonga dirisha
na mimi nahesabu matone.
Sindano, kichupa, maji ya tangi mililita nne:
la kwanza, la pili, la kumi, bado buluu,
la kumi na tano, kijani cha wasiwasi,
la kumi na sita, manjano.
Naandika kwenye daftari la Zuleikha la hesabu,
ukurasa wa nyuma, chini ya jedwali la saba.
Jana yalikuwa kumi na saba.
Kumbe vinakula.

Vipande sita vya matumbawe,
kila kimoja hakizidi pingili ya kidole,
nimevigandisha kwa gundi juu ya mwamba wa kununua.
Aliniuzia Callum Petrie, zamani fundi wa lifti,
akavitia mfukoni, mfuko ndani ya soksi, soksi ndani ya koti,
akasema: ukivipenda, viache.
Sikuviacha.
Nilivihamisha kila Jumapili kama mpangaji asiyelipa.
Niliviongezea maji ya bomba la jengo hili kongwe,
maji yaliyolala usiku kucha ndani ya shaba.
Taa niliiwasha mpaka mwisho, nikidhani nuru haizidi.
Vikavaa kahawia.
Kimoja kikapita kahawia, kikawa cheupe.

Weupe ule naujua.

Baba yangu alikuwa mchoma chokaa, Jambiani.
Tuliyang'oa kwa mtaimbo maji yakitoka,
tukayapanga juu ya magogo, duara juu ya duara,
yakawaka hadi alfajiri.
Kisha tukinyunyiza maji, mawe yalipasuka yenyewe
kwa sauti ya mtu anayesafisha koo,
ukabaki unga.
Madebe matatu, ada ya muhula.
Kila herufi niijuayo ina pande la tumbawe ndani yake,
na hakuna aliyeniambia
kwamba mawe yale yalikuwa na vinywa.

Kwa hiyo Callum aliponitajia dawa
nilicheka peke yangu ndani ya basi, mama mmoja akahama kiti.
Chokaa.
Kijiko kimoja kwa ndoo ya maji yaliyochujwa,
usikoroge, acha ituame,
chota yale ya juu yaliyotakata,
yadondoke usiku, taa zikishazimwa,
maji ya tangi yanapoanza kuchachuka.
Tone moja, pumua, tone jingine.
Chururu si ndo ndo ndo, tulifunzwa hivyo,
na kwa mtungi ni kweli.
Humu chururu inaua.
Ndo.
Ndo.

Nilimpigia baba. Alikohoa kwanza, kikohozi kile kile cha vumbi.
"Unanunua chokaa?"
"Ndiyo."
"Kwa debe?"
"Kwa gramu."
"Unaitia maji, iwe jiwe tena?"
Nikasema naam, ndivyo hasa.
Akanyamaza. Jogoo wa jirani yake akawika ndani ya simu yangu.
"Basi wewe," akasema, "unakwenda kinyumenyume."
Mpaka leo sijui kama lilikuwa tusi.

Mita ya umeme imebaki na pauni nne.
Pampu inasukuma wimbi lake dogo huku, kisha kule,
maana tumbawe likikaa kwenye maji yaliyotulia
huvundikwa na uchafu wake lenyewe.
Asubuhi kabla ya shule Zuleikha aliweka rula kwenye kioo,
jicho moja kalifumba.
"Kimevuka gundi."
Niliinama. Ukingoni, uzi mwembamba, mweupe,
lakini si ule wa tanuri:
weupe wa ukucha unaoota.
Milimita mbili tangu Januari.

Akakaa kupiga hesabu: kwa mwendo huu,
debe moja la babu litarudi baharini lini?
Akajaza ukurasa, akatoka na miaka mia nne na tisa,
akakimbilia basi bila kitambaa cha shingo.
Nimeipitia hesabu yake. Imekosewa, mahali fulani hakubeba moja,
na bahari haimo ndani ya tangi langu.
Sijaisahihisha.
Nakunja daftari, najaza ndoo.